Nyumba ya Baiti 24

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo, utamu kolea. Uongo sikuuita leo, wajukuu zangu, kwa kuwa haya ninayowasimulia yalitokea kweli, na kompyuta zenyewe bado zipo, nyingine kwenye makumbusho, nyingine majumbani mwa watu wanaozitunza na kuziwasha mpaka leo.

Mwaka 1980, katika jimbo la California huko Marekani, waliishi mume na mke, Ken na Roberta Williams. Ken alikuwa mwandishi wa programu. Roberta alikuwa na watoto wadogo wa kulea, na kompyuta hazikumvutia sana, mpaka alipokutana na mchezo mmoja wa maneno matupu. Kompyuta inakuambia umesimama mahali fulani karibu na pango, nawe unaandika unakotaka kwenda na unachotaka kufanya. Roberta aliupenda mchezo ule kupita kiasi. Alipoumaliza akatafuta mwingine wa kumkata kiu, akakosa. Basi akakaa kwenye meza ya jikoni akatunga wa kwake: jumba la kale, wageni ndani yake, mauaji yanatokea mmoja baada ya mwingine, na wewe mchezaji umtafute muuaji kabla hajakufikia.

Hadithi ilikuwa tayari. Lakini wawili hao walitaka jambo jipya, walitaka mchezaji alione hilo jumba. Ukifika sebuleni uione sebule, ukipanda darini uione dari.

Hapo ndipo kisa kilipoanza. Kompyuta yao ilikuwa Apple II, na skrini yake ilikuwa na nukta 280 kwa upana na 192 kwa kimo. Kuihifadhi skrini moja kama ilivyo, nukta kwa nukta, kulihitaji baiti 8,192, yaani kilobaiti 8. Baiti ni nafasi ndogo ya kumbukumbu inayotosha kuweka namba moja, kuanzia 0 hadi 255. Mchezo wa Roberta ulihitaji picha zipatazo 70. Zidisheni wenyewe: 70 mara 8 ni kilobaiti 560. Diski ya Apple wakati ule ilibeba kilobaiti kama 113 tu. Kwa hiyo picha peke yake zingetaka diski tano, na hadithi yenyewe bado haijapata pa kukaa. Ndani ya kompyuta nako kumbukumbu haikuzidi kilobaiti 48. Ili mpate kuona udogo huo, chukueni picha moja iliyopigwa kwa simu ya siku hizi, tuseme ina megabaiti 3. Picha hiyo moja ingejaza kumbukumbu za kompyuta 64 za namna ile.

Mtu mwingine angesema haiwezekani, akarudi kwenye maneno matupu. Ken aliutazama mchoro kwa jicho tofauti. Fikirini mgeni anawapigia simu kuuliza njia ya kufika kwenu. Humtumii picha ya mtaa mzima. Unamwambia ashuke kituoni, anyooshe na barabara hadi msikitini, akate kushoto, geti la tatu. Maneno kumi na kitu, naye anafika. Ken akaona kwamba kompyuta nayo haina haja ya kuitunza picha. Itunze maelekezo ya kuichora, kisha kila inapotakiwa iichore upya.

Wakanunua kifaa kilichoitwa VersaWriter, ubao wenye mkono wa viungo juu yake. Unaweka karatasi yenye mchoro, unaupitisha ule mkono juu ya mistari, na kila unapotaka kuweka alama kompyuta inapokea namba mbili: umbali wa kwenda upande na umbali wa kwenda juu au chini. Roberta alichora, Ken akaandika programu ya kuzipokea zile namba na programu ya pili ya kuzigeuza tena kuwa mistari. Mchezo ukaitwa Mystery House, ukatoka mwaka huohuo wa 1980, na picha zote zikaenea ndani ya diski moja pamoja na hadithi yake. Michoro ilikuwa mistari mitupu, na watu wake walichorwa kwa namna ya mtoto anayeanza kushika penseli. Hilo halikumzuia mtu. Waliuuza kwa dola 24.95 ndani ya mfuko wa plastiki, na nakala zaidi ya 10,000 zikanunuliwa. Kampuni yao ya nyumbani ndiyo iliyokuja kujulikana duniani kwa jina la Sierra On-Line.

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza, kwa sababu huko ndiko utaalamu huu ulikoingia mikononi mwa watoto. Aprili 1982, kampuni ya Sinclair ya mjini Cambridge ilitoa kompyuta ndogo yenye vibonye vya mpira, ZX Spectrum. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48 iliuzwa kwa pauni 175. Iliunganishwa na televisheni ya nyumbani, na programu zake zilihifadhiwa kwenye kaseti zilezile za muziki. Skrini yake ilikuwa na nukta 256 kwa 192. Nukta hizo zilichukua baiti 6,144, na rangi zikachukua nyingine 768, jumla 6,912. Baada ya kuondoa mahitaji ya mashine yenyewe, mwandishi wa programu alibakiwa na baiti 41,000 na ushei. Picha sita kamili, kumbukumbu imekwisha.

Tuchore basi nyumba kwenye Spectrum, kuta nne na paa. Sehemu ya kuanzia kuhesabia ni kona ya chini kushoto. Amri ya PLOT inaweka nukta mahali unapotaja. Amri ya DRAW inavuta mstari kutoka ulipo, ikihesabu hatua za kwenda upande na hatua za kwenda juu. Namba hasi ni kurudi kushoto au kushuka.

PLOT 60,40
DRAW 100,0
DRAW 0,60
DRAW -100,0
DRAW 0,-60
PLOT 60,100
DRAW 50,40
DRAW 50,-40

Zifuateni kwa kidole kwenye karatasi ya miraba. Mstari wa sakafu unakwenda kulia, ukuta unapanda, dari inarudi kushoto, ukuta wa pili unashuka. Kisha mkono unahamia juu ya ukuta wa kushoto, paa linapanda, paa linashuka. Amri ni nane. Kila amri inahitaji namba tatu: moja ya kusema ni PLOT au ni DRAW, na mbili za umbali. Tatu mara nane ni 24. Nyumba yetu imekaa ndani ya baiti 24 badala ya 6,912, yaani imepungua mara 288!

Najua yupo atakayeuliza: baiti inabeba 0 hadi 255, je, -100 inakaa wapi? Swali zuri sana. Inaandikwa 156, ambayo ni 256 ukitoa 100, na programu inakubaliana na nafsi yake kwamba namba za 128 kwenda juu ni za kurudi nyuma.

Lakini mtoto wa mwaka 1982 akizicharaza amri hizo kama nilivyoziandika, kompyuta haikutumia baiti 24. Lugha ya BASIC ya Spectrum ilikuwa na desturi moja ya ubadhirifu: kila namba uliyoiandika kwenye programu iliwekwa mara mbili, kwanza kwa tarakimu unazoziona, kisha kwa umbo la siri la baiti 6 ambalo mashine ililitumia kupigia hesabu. Hivyo DRAW 100,0 peke yake ilikula baiti 18, mara sita ya zile tatu zinazotosha. Picha ya msitu wenye mistari 200 ingekula maelfu ya baiti.

Kwa sababu hiyo watu wakaunda zana za kuchorea. Kwa mtazamo wangu hizi ndizo programu zilizokuwa na akili kuliko nyingi za zama zile, ingawa majina ya michezo ndiyo yaliyobaki midomoni. Unafungua programu, kialama kinameta katikati ya skrini. Unakisogeza kwa vibonye, unabonyeza kuanza mstari, unakisogeza tena na mstari unakufuata ukinyooka na kupinda, unabonyeza kuukaza. Kwa macho yako unachora. Kumbe chini kwa chini programu inaandika: amri, namba, namba, amri, namba, namba. Ukimaliza, inakupa vitu viwili vya kuweka kwenye kaseti, mfuatano wa baiti na programu fupi ya kuzisoma. Unaviingiza ndani ya mchezo wako, picha inajichora.

Na kwa kuwa picha ni mfuatano wa hatua, zana nzuri ilikuruhusu kurudi nyuma hatua moja moja, ukaifuta ile uliyokosea kwenye dirisha, ukaendelea. Baadhi zilikwenda mbali zaidi. Mnazi unauchora mara moja, unaupa namba yake, kisha kila unapotaka mnazi mwingine unaandika tu, njoo hapa, chora ule mnazi, tena uwe nusu ya kimo. Shamba zima la minazi kwa gharama ya mnazi mmoja na baiti chache.

Kule Barry, mji mdogo wa Wales, kampuni ya Gilsoft ilitoa mwaka 1983 programu ya The Quill, iliyotungwa na Graeme Yeandle. Nayo ilimwezesha mtu asiyejua kuandika programu atunge mchezo wake wa hadithi. Baadaye ikafuatiwa na The Illustrator, ya kuongezea picha. Watu wengi waliotunga kwa zana hizo hawakuwa na ofisi wala mshahara. Walikuwa vijana na wazazi wao chumbani, na michezo yao ikauzwa kwa kaseti kupitia posta.

Kuna amri moja ambayo sijaitaja, nayo ni ya kuchezea sana: kujaza rangi. Anga lote la buluu linahitaji mstari wa upeo na nukta moja iliyotupwa popote juu yake. Programu inaanzia kwenye nukta hiyo, inapaka jirani zake, na jirani wa jirani zake, mpaka ikutane na mstari. Hapo kwa baiti tatu umepaka maelfu ya nukta. Ila mistari iwe imefungana! Ukiacha mwanya wa nukta moja kwenye kona ya paa, rangi inavuja kutoka ndani ya nyumba, inaingia angani, inashuka bustanini, na skrini yote inakuwa nyekundu ya vigae. Wachoraji wa zama zile walijifunza kuchunguza kona zao kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote ya mchoro.

Mwaka 1982 kampuni ya Beam Software ya Melbourne, Australia, ilitengeneza mchezo wa The Hobbit, kazi ya Philip Mitchell na Veronika Megler. Ukifika mahali papya kwenye Spectrum, picha haikutokea mara moja. Mistari ilivutwa mmoja mmoja mbele ya macho yako, mlima, njia, mlango wa mviringo, kisha rangi zikaanza kutambaa kujaza nafasi. Wapo walioona ni uchelewaji. Mimi nauona ni uzuri ambao michezo ya leo imeupoteza, kwani mchezaji alikaa akishuhudia mkono wa mchoraji ukifanya kazi, hatua kwa hatua, kwa mpangilio uleule aliouchagua.

Vitu vidogo vilivyotembea, kama mtu, samaki au chombo, havikuchorwa kwa mistari. Hivyo vilikuwa na namna nyingine, na hii nawaomba mchukue penseli. Chora mraba wenye visanduku 8 kwa 8. Juu ya safu zake, kutoka kushoto, andika 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Sasa weka giza kwenye visanduku unavyotaka, uchore mashua yenye tanga. Kwa kila mstari jumlisha namba za safu ulizoziweka giza. Mstari wa juu una ncha ya mlingoti tu, kisanduku cha nne: 16. Wa pili, mlingoti na kisanduku kimoja cha tanga: 16 na 8, ni 24. Tanga linazidi kupanuka: 28, kisha 30. Mlingoti peke yake tena: 16. Ubavu wa mashua umejaa wote: 255. Chini yake inapungua kila upande: 126, kisha 60.

Mashua yako ni 16, 24, 28, 30, 16, 255, 126, 60. Baiti nane! Spectrum ilikuwa na nafasi 21 za maumbo ya namna hii, kuanzia herufi A hadi U, na ukishaiweka mashua mahali pa A unaweza kuiandika kwenye skrini kama unavyoandika herufi. Kompyuta ya BBC Micro, iliyotengenezwa na Acorn na kuenea sana kwenye shule za Uingereza, ilipokea namba hizohizo nane baada ya amri ya VDU 23. Watoto walijaza madaftari ya miraba kwa hesabu hizi. Zana za kuchora herufi zilipokuja, ukawa unaweka giza kwenye visanduku vikubwa vya skrini, na zana inajumlisha yenyewe, tena inakuandikia mistari ya DATA yenye namba hizo, iliyo tayari kuingizwa kwenye programu. Waliojua kujumlisha kwa mkono waliisoma mistari hiyo na kuiona mashua kabla haijatokea.

Tumrudie Roberta. Mwaka 1984 kampuni yake ilitoa King's Quest, iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya IBM PCjr, yenye rangi 16, misitu, mito na ngome. Picha bado zilikuwa maelekezo, lakini ubanaji wake ulikuwa umekomaa, na napenda muuone ufundi wake. Picha ilikuwa na nukta 160 kwa upana na 168 kwa kimo. Kwa hiyo hakuna umbali unaoweza kufika 240. Watengenezaji wakasema: baiti yoyote ya 240 kwenda juu ni amri, na iliyo chini yake ni umbali. Amri ikitajwa mara moja inaendelea kutumika, umbali baada ya umbali, mpaka amri nyingine itokee. Namba 246, kwa mfano, ilimaanisha vuta mistari, na baada yake mstari mrefu wa mlima ungeweza kupita nukta kumi bila kurudia neno vuta hata mara moja. Namba 255 ilimaanisha picha imekwisha.

Kwa kuta na ngazi waliweka amri ya pekee. Ukuta unakwenda upande, kisha juu, kisha upande. Kwa kuwa zamu inajulikana, kila mstari ulitosha kuandikwa kwa namba moja tu badala ya mbili. Kwa majani na mawe, ambayo mistari yake ni mifupi, waliigawa baiti moja nusu kwa nusu, nusu moja hatua za upande, nusu nyingine hatua za kupanda na kushuka.

Tena kila picha ilichorwa mara mbili kwa wakati mmoja. Moja ndiyo uliyoiona. Ya pili ilifichwa, na rangi zake hazikuwa rangi bali zilieleza kitu kiko karibu au mbali. Shujaa wa mchezo, Sir Graham, akipita kwenye mti, kompyuta ilitazama ile picha ya siri ikajua kama apite mbele ya shina au nyuma yake. Mchoraji aliyekaa kwenye zana yake alichora mti na mahali pa mti kwa pamoja.

Kompyuta zikapata kumbukumbu nyingi, diski zikawa kubwa, na michezo ikaanza kutunza picha nukta kwa nukta. Maelekezo hayakufa lakini. Herufi unazozisoma kwenye simu zimehifadhiwa kama mistari na mapindo, ndiyo maana ukizikuza kingo zake zinabaki laini. Nembo na alama nyingi kwenye tovuti zimeandikwa kwa SVG, mtindo uliopitishwa rasmi mwaka 2001, na zana kama Inkscape, ambayo ni ya bure, inakuchorea na kukuandikia. Hii hapa nyumba yetu kwa mtindo huo. M ni PLOT, l ndogo ni DRAW, mengine mnayajua:

M60 40 l100 0 l0 60 l-100 0 l0 -60 M60 100 l50 40 l50 -40

Mwombeni mwalimu wa kompyuta awaonyeshe mahali pa kuuweka mstari huo ndani ya faili la SVG lenye upana wa 256 na kimo cha 192. Nyumba itatokea kichwa chini, paa likielekea ardhini, kwa kuwa SVG inahesabu kutoka juu na Spectrum ilihesabu kutoka chini. Badilisheni alama ya kila namba ya pili inayofuata l, kisha kwa kila M toeni namba yake ya pili kwenye 192: 40 itakuwa 152, na 100 itakuwa 92. Ikisimama sawasawa iwekeeni mlango. Mistari mitatu itatosha, kwa kuwa wa chini tayari ni sakafu.